Besi Nyepesi, Baba Njeri

Baba Njeri,

Sikuulizi u hali gani, maana hali yako naijua, na salamu nzuri kwako sina. Nimekukasirikia tangu siku za matanga yako na hasira hiyo haijapungua hata kidogo. Nakuandikia kwa sababu moja tu: nimenunua gitaa la besi, na katika watu wote duniani wewe ndiye ungeudhika zaidi kusikia habari hiyo.

Ndiyo, mimi. Mama Njeri wa kuuza vichwa na miguu ya mbuzi pale Kiamaiko. Yule uliyemwambia mbele ya wageni, "Mkono wako ni wa karai, si wa nyuzi." Wageni wakacheka, nami nikawaongezea chai. Ningewamwagia.

Matanga yako hukuyaona, kwa hivyo wacha nikueleze. Masinde, huyo rafiki yako wa kinanda, alisimama kuzungumza kwa niaba ya bendi ya kanisa. Akasema ulijua. Daktari alikwambia moyo wako umechoka, ukawaambia wanabendi, ukawakabidhi besi yako waitunze, mkaomba pamoja. Bendi nzima, Baba Njeri, mpaka yule wa kupiga kayamba. Mimi nimeketi na akina mama, kikombe mkononi, nasikia habari za mume wangu kwenye maikrofoni pamoja na majirani. Watu wakanigeukia kuona kama nilikuwa najua. Nikaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayejua. Hata ukiwa umekufa bado nilikufichia aibu.

Baadaye Masinde alinivuta kando akaniambia eti hukutaka niwe na wasiwasi. Nani alikuomba? Nilikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Nilikuwa mke wako.

Baada ya kukuzika waliisimamisha besi yako pale mbele kanisani, wakaifunika kitambaa cheupe, wakasema nafasi yako itabaki wazi kwa heshima. Kwaya ikaimba bila besi, nyimbo zikawa nyepesi kama uji wa hospitali. Kila Jumapili nakaa nakitazama kile kitambaa, nasema moyoni, huyu ameondoka bila kuniaga na bado amewekewa kiti. Siku moja baada ya ibada nikamwambia Masinde nataka hiyo nafasi. Alidhani natania. Alipoona sicheki akasema, kwa ule upole wa kuwafariji wafiwa, kwamba Jumapili ya kukukumbuka, mwaka ukitimia, nikiweza kucheza ibada nzima bila kuiangusha kwaya, nafasi ni yangu. Nikishindwa, nisiitaje tena. Nikakubali hapo hapo mlangoni.

Alitaka nitumie besi yako. Nikakataa. Uliwapa wao, basi wakae nayo. Halafu lile ni gogo, na bega langu la kushoto liliisha zamani kwa kubeba makarai. Makarai hayo ndiyo yaliyomsomesha Njeri wewe ukiwa mazoezini, ukumbuke.

Tulienda dukani watatu, mimi, Njeri na Masinde. Nyinyi watu wa bendi mna ugonjwa mmoja: gitaa lisipokuumiza mgongo, mnasema si gitaa. Masinde aliinua kila moja kama mtu anayenunua mbuzi. Nzito anaitazama kwa heshima, nyepesi anaguna na kusema hiyo ni mbao ya kreti. Mimi nimeuza sokoni Kiamaiko miaka yote hii na ninajua mbuzi mzito mara nyingine amenyweshwa maji asubuhi. Nikamwambia aniachie.

Nikachukua iliyokuwa nyepesi kuliko zote, nikaivaa, nikaondoa mikono yote miwili. Kichwa chake kikaanguka hadi kwenye goti. Kumbe kiwiliwili kikiwa chepesi mno shingo huvuta chini, na mkono wa kushoto ndio unaobeba kila kitu. Hiyo nikairudisha. Ya pili ilikuwa nzito kidogo, shingo yake fupi, kidole changu cha mwisho kikafika bila kunyooka kama cha mwizi dirishani. Nikaondoa mikono, ikatulia. Nikapitisha kiganja kando ya shingo nione kama ncha za vile vyuma vilivyopangwa chini ya nyuzi zitanikwaruza, hazikunikwaruza. Kisha nikatembea nayo dukani, nikapiga gumzo na muuzaji, nikauliza habari za watoto wake, mpaka Masinde akachoka kusimama. Bega halikusema neno.

Masinde akasema besi ya shingo fupi ni ya watoto wa Sunday school. Njeri, ambaye unajua hana subira na wazee, akamjibu: "Mathe, we chukua yenye inakufit. Kwani ni Masinde ataibeba?"

Amplifaya nayo ikawa vita vingine. Masinde anaonyesha sanduku la kutetemesha madirisha, na siku hizi tunaishi Njiru, ukuta mmoja na mama wa watoto mapacha. Njeri akashika kadogo kazuri kekundu. Nikasoma, ni ka gitaa la kawaida. Ulipasua spika ya namna hiyo ukicheza besi, ukanuna mpaka Krismasi, na mimi nilikuwa naangalia. Nikataka ndogo ya besi yenyewe, ninayoweza kuiinua kwa mkono mmoja, yenye tundu la hedifoni na inayotumia hata betri, maana stima za huku hupotea kila mara. Ipo. Muuzaji aliitoa chini ya meza, ina vumbi. Kanisani kuna spika zao. Mimi nilitaka kitu cha kufanyia makosa bila watu kunisikia.

Na makosa nimeyafanya. Vidole vilichubuka, nikavitia mafuta ya mgando, nikarudi. Njeri alinitafutia video kwenye simu. Lakini nyimbo zenyewe hakuna aliyenifundisha. Tulipokuwa tukiishi Umoja mwenye nyumba alikukataza kuweka sauti, ukawa unaegemeza kichwa cha besi kwenye mlango wa kabati la nguo, mbao ikinguruma badala ya spika. Upande wa pili nilikuwa mimi, nakunja nguo zako, kabati lote linatetemeka mikononi mwangu. Miaka. Ulidhani nakunja nguo tu. Kila wimbo wa kwaya ile ninaujua kutoka chini, na ninajua pale ulipokuwa ukipungukiwa pumzi na kuchelewa. Siku za mwisho ulikuwa ukichelewa sana. Nilidhani ni uzee, ningeuliza ungesema ni uzee.

Jumapili yako ikafika. Kanisa limejaa, ndugu zako wako mstari wa mbele. Nikapita na besi yangu ndogo, nikasikia mtu anacheka nyuma. Masinde aliniangalia kama mtu anayengoja sufuria ianguke. Wimbo wa kwanza nilianza mapema, nikaingoja kwaya, tukashikana. Wa pili nikatulia. Wa tatu ulikuwa ule wako, ule wa kupanda taratibu, na sikuchelewa mahali ulipokuwa ukichelewa. Mpaka ibada inaisha sikuiangusha kwaya. Masinde akafunga kinanda chake, akaja, akasema, "Mama Njeri, kiti ni chako." Akaibeba besi yako mwenyewe akaipeleka ofisini.

Nilikuwa nimengoja saa hiyo mwaka mzima. Nilitaka kukushinda. Watu waliimba, wakapiga makofi, wakatoka kwenda kula, hakuna hata mmoja aliyeshangaa, kwa sababu besi ikiwa sawa hakuna anayeisikia. Nikabaki pale mbele na mkanda begani, na ikanijia kwamba katika kanisa zima kuna mtu mmoja tu ambaye angejua nilichofanya, na yuko chini ya ardhi. Nikalia. Si kilio cha mjane. Nililia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa. Ungekuwepo ungekunja uso, ungesema nimeharakisha ubeti wa pili, na kweli niliharakisha.

Basi lala. Sijakusamehe, na usidhani machozi yale yalikuwa msamaha. Jumapili nitacheza, na inayofuata nitacheza, mpaka bega likatae. Na jambo moja naapa, ingawa si kwako, ni kwa Njeri: siku daktari yeyote atakaponikalisha chini na kunieleza jambo zito, nitampigia kabla sijatoka langoni. Atalia, najua. Lakini atalia nikiwa hai, nimemshika.

Mimi,
Mama Njeri