Mwamvuli wa Kuombea Kura

Sidab, Muskat
9 Novemba 1970

Mpenzi wangu Nasriya,

Salamu zikufikie huko Uingereza. Sote wazima, na shangazi amekuanikia papa.

Barua yako imejaa halmashauri ya jiji: kiti cha diwani kiko wazi, na wewe na Harub mnapita nyumba kwa nyumba kumwombea kura mgombea wenu. Baraza gani hilo la kupiganiwa? Robo ya wajumbe wake ni wazee waliochaguliwa na madiwani wenyewe, wala mwananchi hakuulizwa! Nililipinga nilipokuwa mwanafunzi huko, na leo nalipinga, hapa ambapo hatuna hata sanduku la kura.

Nami nimehesabu kura zangu: jina la Harub umeliandika mara saba, langu mara mbili, na moja liko juu ya bahasha.

Kazi hiyo ya mlango kwa mlango nilikufundisha mimi, Nasriya, tulipokusanya majina ya wanaolipinga baraza hilo. Huendwa wawili wawili, mmoja hubisha mlango, mwenzake huandika majina. Ndivyo tulivyopendana: wewe ukiandika, mimi nikikushikia mwamvuli ili karatasi isilowe.

Umesema mwezi huu mvua haikatiki. Nijibu jambo moja tu: mwamvuli anaushika nani?

Wako, ambaye hajajiuzulu,
Aflah