Kengele ya Reli

Mjomba Stefano, shikamoo.

Bahati imenipenda kuliko Waluguru wote! Wadachi wamenikabidhi kengele ya reli hapa Morogoro. Nikigonga, vibarua wanainuka. Nikigonga tena, wanakula. Huu ndio ustaarabu: hata njaa hungoja amri yangu. Ndiyo maana nilikuambia shamba la ukoo umpe ndugu yangu Klementi.

Juzi ikanyesha mvua ya kwanza. Harufu ya udongo ikaniingia, nikatupa nyundo, nikamnyang'anya jembe bibi mmoja aliyekuwa akilima kando ya reli.

"We wa kengele, umerogwa?"

"Nimezaliwa Matombo kwa wakulima, bibi!"

Nikalima hadi jioni, huku wenzangu wakingoja kengele ya chakula.

Mjomba, shamba usimpe mtu. Nakuja kulima, nami nacheka njia nzima.

Mpwa wako,
Dominiko

Hapo mwanzo nimekudanganya: kengele sina tena, wamenifukuza kwa siku ile ya jembe.