Barabara Uliyoiita Tupu

Arua, 9 Novemba 1975

Kaka yangu Anguyo,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini Koboko imekukubali na kile kikohozi kimekuacha. Sisi ni wazima, isipokuwa mama, ambaye miguu inamvimba tangu aanze kuzungusha beseni la samaki nyumba kwa nyumba. Kibanda hana tena, na sababu unaijua.

Barua yako imefika. Unalalamika kwamba huko nako ofisi ya mipango imekuweka njia kuu uhesabu wapita njia, na njia ni tupu, hata wanawake wa kijiji cha Midia na vikapu vyao huwaoni. Unauliza kama watu wetu siku hizi wanaruka angani. Nilicheka, halafu nikakasirika. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe ulikuwa na macho manne na bado hukuona.

Kumbuka ulivyokuja hapa Juni. Uliondoka ukiwa mdogo, wachache walikutambua, nawe ukatukataza kusema wewe ni nani, eti watu wakijua wanahesabiwa wataharibu hesabu. Ukakaa kwenye kiti mbele ya duka la Mhindi lililofungwa, suti ya Kaunda, miwani ya jua, mkononi kijimashine cha chuma. Mtu akipita, unabonyeza: ta! Salamu huitikii. Katika nchi yetu ya leo, kaka, mtu wa namna hiyo ni nani?

Siku ya pili Gaspard, yule fundi cherehani Mkongo, alipita mbele yako asubuhi. Jioni gari la wale wanaopoteza watu likamchukua. Mpaka leo mkewe Scholastique hajui kama amlilie au amngojee. Basi soko zima likasema ni ile mashine. Wanawake wakaonyana, "Usipite pale, ile mutu iko nahesabu watu ya kupotea." Wakatoboa njia nyuma ya msikiti, kwenye mtaro wa maji machafu, mizigo kichwani. Wewe ukaandika kwamba barabara imekufa, vibanda havina kazi. Watu wa ofisi yako wakaja kuvivunja, samaki wa mama wakamwagwa vumbini, na sasa pale wanaegesha malori.

Uliwahi kuninung'unikia kwamba mama aliacha kukuletea chakula cha mchana ukashinda na njaa. Nilikwambia aliugua. Nilikudanganya. Alikuwa akipita nyuma ya msikiti pamoja na wenzake, enya, ugali wetu, na maharagwe yako vikipoa kikapuni. Siku ile alipochukuliwa Gaspard, mama aliniuliza kama mtoto wake anafanya kazi na wale wa gari. Nilimwambia sijui. Hata leo sijui, na jambo hilo linaniuma kuliko kibanda.

Kwa hiyo vua miwani. Weka chini kile kichuma, umsogelee mama yeyote wa sokoni hapo Koboko, umwambie wewe ni mtoto wa nani na unahesabu nini, kabla hawajavunjiwa na wao. Kisha niandikie ukweli kuhusu Gaspard, hata kama ni kwamba hujui lolote. Andika kwa mkono wako, nipate la kumsomea mama.

Shemeji yako anakusalimu, na mtoto wetu Eyotaru ameanza kutambaa. Ningependa kuandika kwamba mama naye anakusalimu. Nilimwuliza kabla ya kufunga bahasha. Aliendelea kupanga samaki kwenye beseni.

Dada yako anayekungoja,
Ayikoru