Maji ya Kigoma Hayaji Kwetu

Makame, ndugu yangu,

Nimekusomea Fatiha kabla ya kushika kalamu, maana ninalotaka kukwambia ni la aibu.

Unaikumbuka siku ile katika chumba cha walimu, skuli yetu ya mjini hapa kisiwani? Mimi mkuu wa somo la jiografia, wewe mwalimu mgeni kutoka shamba, kijijini Uroa. Ulisema, huku unamenya chungwa, kwamba mvua ya Kigoma haiji Bahari ya Hindi. Huingia Ziwa Tanganyika, ikatoka kwa Mto Lukuga, ikaingia Kongo na kwenda zake Atlantiki. Nikacheka. Pangani, Wami, Rufiji, yote inakuja upande wetu. Nikaona hakuna mengine. "Wee Makame, bara yote inamwaga kwetu! Wapi umeona maji yakapanda mlima?" Walimu wakaangua kicheko. Tangu hapo ukaitwa Mpandisha Maji, kwanza na walimu, kisha na wanafunzi, mwisho na kila mtu.

Jioni ile nilifungua atlasi ya skuli. Ulisema kweli.

Nikaifungia kabatini, ufunguo nikautia mfukoni, na kila ulipoiuliza nikajibu imepelekwa kushonwa. Hilo ndilo ninaloungama. Miaka yote nimesikia ukiitwa jina lile, nami najua. Hata siku ya maziko yako mtu alisema, "Mpandisha Maji katangulia," nikainamisha kichwa kama wengine.

Tangu uondoke sitoki sana. Hapa Kiembe Samaki nimebaki na kitanda, dirisha na vitabu, nami nimekuwa nikiusoma mto ule wa Kongo. Subhanallah, Makame! Bonde lake ni karibu mara nne ya Tanzania nzima. Unaivuka ikweta mara mbili, ndiyo maana haujui kiangazi: upande mmoja ukikauka, mwengine uko kwenye mvua. Kila sekunde, kabla sijamaliza kulitamka jina lake, umeshatupa baharini maji kiasi cha mita za ujazo elfu arubaini. Ni Amazoni peke yake inayoushinda. Na ndani ya maji hayo yamo matone ya Kigoma, yaliyokwenda magharibi kama ulivyosema.

Sisi tuliwafundisha watoto mito kwa kuwapeleka kwenye kijito cha Mtoni, ambacho mtu anakivuka kwa kukunja suruali. Kwenu Uroa hata hicho hamna. Mvua inazama kwenye mawe kabla haijawa mto. Nawe ukaubeba Kongo mzima kichwani, kwa kusoma tu. Mimi niliyesomeshwa bara nilidhani kila kikubwa lazima kije kwetu.

Wiki iliyopita nilimpigia simu binti yako, Mwanaidi, nikamweleza yote. Nilitaraji aseme, "Yashapita, mwalimu." Hakusema. Alisema, "Shikamoo yako naijua, Mwalimu, na heshima yako naijua. Lakini baba jina lile alipewa mbele za watu. Kwa simu haitoshi."

Umelea, Makame. Nilikasirika siku nzima, kisha nikaona haya.

Basi Ijumaa, inshallah, nakuja Uroa. Daktari hataki, miguu haitaki, na kusema kweli hata moyo hautaki. Nimemwomba Mwanaidi aniwekee kiti nje ya msikiti baada ya sala. Nitawaambia waliosali kwamba ulikuwa sahihi, kwamba nilijua jioni ile ile, na kwamba niliificha atlasi kwa kuogopa kushindwa na mwalimu kijana wa shamba. Wakitaka kucheka, wana haki. Pumzi ikinikatikia njiani, nitapumzika niendelee. Roho ikitangulia kabla ya Ijumaa, barua hii isomwe pale pale kwa sauti, isirukwe neno.

Mola akupe nuru katika kaburi lako. Nasaini kwa neno ambalo sikupata kukwambia ukiwa hai:

Mwanafunzi wako.