Saa Yangu na Kompyuta ya Madam

Witeithie,
Jumapili mchana

Kwako dada Nafula,

Ukiona mwandiko umelala upande, ujue naandikia magotini. Ni mazoea tu, maana meza yetu ilikuwa imetekwa na imerudi jana. Nitakueleza. Kwanza niambie, mguu wa mama umeacha kuvimba? Na mahindi mmemaliza kupalilia, au shemeji bado anashikwa na mgongo kila jembe likitajwa? Huku tu wazima. Wekesa ameng'oka meno ya mbele na akicheka anafanana na baba. Mimi bado niko kiwandani Thika, upande wa kukagua vitambaa, na vumbi la pamba limeniachia kikohozi kidogo, si cha kukutia wasiwasi.

Sasa nisikilize. Nina wivu, dada. Nalisema wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenisindikiza nilipoolewa, ukaniambia nikiwa na neno nikuletee wewe, nisilipeleke kwa majirani.

Unajua Baba Wekesa ana kibanda chake Ruiru cha kutengeneza saa na redio. Jioni moja alirudi amekumbatia kitu kimefungwa kwenye ile leso ya maua mekundu uliyonipa, ambayo humfungia chakula cha mchana. Nikadhani ametuletea nyama. Akafungua mezani polepole, kumbe ni kompyuta, zile za kukunja wanazoziita laptop. Ni ya mteja anayeitwa Madam Njoki, anayewapigia chapa hesabu zao wakulima wa kahawa kule Theta. Kaka yake alimletea kutoka ng'ambo. Kioo chake kilikuwa na mkwaruzo mrefu katikati, na madam alilalamika kwamba unamuumiza macho.

"Kibandani kuna vumbi," Baba Wekesa akaniambia. "Nitaifanyia hapa nyumbani. Usiiguse, na Wekesa asikuje karibu."

Tangu siku hiyo tukawa tunakula tumepakata sahani.

Lakini meza si kitu. Kilichoniuma ni vile alivyolitamka hilo neno "Madam", kama mtu anayeonja asali. Akaanza kunyoa ndevu hata siku za kazi. Miaka yote hii mimi ndiye ninayemtafsiria Kikikuyu sokoni, sasa namsikia akioga huku anajifunza kusalimu "uhoro waku" peke yake. Halafu huyo madam akaja kuangalia mgonjwa wake anaendeleaje. Aliketi kwenye kiti changu, ana viatu vya kisigino na ananukia sabuni ambayo haiuzwi dukani kwa Mama Halima. Wakainamia kile kioo mpaka vichwa vikakaribia kugusana. Mimi nilikuwa namenya viazi pale mlangoni. Nilimenya dada, nikamenya, hata kilichobaki hakikutosha mchuzi.

Saa yangu unaikumbuka? Ile aliyonivisha mbele ya baba siku ya posa, mkasema huyu hana ng'ombe lakini ana saa. Kioo chake kilikwaruzwa na mashine kazini, nikampa fundi wangu, akasema kesho. Hiyo kesho ilikaa kwenye mkebe wa misumari mpaka Wekesa akajifunza kutembea, akaongea, akang'oka meno.

Basi juzi Ijumaa natoka kazini, naikuta juu ya mto wangu. Kioo kinang'aa, hakina hata alama. Nusura nilie. Nikaivaa palepale, nikaenda kuchinja yule jogoo niliyekuwa namwekea Pasaka, nikapika kwa moyo wote, na firigisi nikamwekea yeye kama inavyompasa mwanamume kwake. Akaichukua, akaanza kutafuna, akaniangalia mkononi.

"Umeona vile dawa ya meno imeshika?" akasema. "Nilitaka kujaribu kwa saa kwanza, kabla niweke kwa kioo ya Madam."

Firigisi ilikuwa bado mdomoni mwake. Ningeweza ningeitoa.

Ndivyo mafundi wa saa wanavyofanya, dada. Kioo cha saa kikichubuka wanapaka dawa ya meno kidogo na kusugua kwa kitambaa laini, kwa kuzungusha, mpaka mikwaruzo inaisha. Jana asubuhi akaketi mlangoni penye mwanga. Alinawa mikono kwanza. Akachagua kipande laini kuliko vyote katika vile vya pamba ninavyomkusanyia Wekesa vya shati, akaanza kuisugua ile kompyuta taratibu, pumzi ameishika. Mimi nimeishi naye miaka yote hii na sijawahi kushikwa hivyo.

Alipoipangusa, mkwaruzo ulikuwa palepale. Ila kile kioo hakikuwa kama cha saa, kilikuwa na utando mwembamba usiong'aa, wa kuzuia mwanga usirudi machoni, nao ulikuwa umetoka. Pakabaki baka linalong'aa, pana kama kiganja, kama mafuta yaliyomwagika kwenye karatasi. Akajaribu kusugua na pembeni ili pafanane. Baka likazidi kupanuka.

Nilifurahi. Sikufichi. Kisha nikamwona amekaa anaangalia mikono yake, mikono ambayo haijawahi kumharibia mtu kitu, na furaha ikaniisha. Madam alikuwa anakuja mchana huohuo.

"Mama Wekesa," akaniambia, "mwambie nimeenda Thika kutafuta spea." Akaondoka. Hakwenda Thika, alikwenda kuketi nyuma ya duka la Mama Halima.

Kwa hivyo mimi ndiye niliyemfunulia madam kompyuta yake. Aliliangalia baka. Halafu akaketi, akacheka mpaka akapangusa macho.

"Wacha tu, mama," akasema. "Hata hiyo mkwaruzo ni mzee wangu. Aliifunga na hasira, kalamu ikiwa ndani. Ati napenda hii mashini kumliko."

Nilimhurumia huyo mume nisiyemjua, na nikamwelewa kabisa. Nikammiminia madam chai, nikamwongeza maziwa. Nilikaribia kumpenda. Ndipo macho yake yakaangukia mkononi mwangu.

"Hii ndio alifanya? Ai, imekuwa mpya." Akafungua saa yake, ndogo, ya mkanda wa dhahabu, kioo kimefifia, akaiweka mezani. "Basi anifanyie hii. Hii najua anaweza. Nitaipitia kibandani Jumatano."

Akabeba kompyuta yake akaenda. Meza ikabaki yangu, na saa yake juu yake, bado ina joto la mkono wake.

Niliitazama. Kisha nikanawa mikono, nikachukua dawa ya meno na kitambaa, nikaisugua mwenyewe, kwa kuzungusha, mpaka namba zote zikaonekana. Nilitaka Baba Wekesa asipate sababu ya kuishika.

Baba Wekesa aliporudi akauliza madam amesema nini. Nikamwambia amesema asante. Akaiona ile saa, akaipeleka mlangoni, akaigeuza kwenye mwanga.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi."

Akairudisha mezani. Halafu akavuta kigoda. "Leta mkono. Yako bado iko na alama hapa chini, niliharakisha." Hakuivua. Aliisugua ikiwa mkononi mwangu, taratibu, pumzi ameishika, na maharagwe yakaungua jikoni tukiwa tunasikia harufu.

Ya madam nimeifunga kwenye karatasi. Wiki hii niko zamu ya usiku, kwa hivyo Jumatano mchana nitakuwa kibandani, nitampa kwa mkono wangu.

Mpe mama pole ya mguu. Shemeji mwambie jembe haliumi. Mama mkwe wangu ukimwona sokoni mwambie mwanawe yuko vizuri, usiongeze lingine. Watoto wako uwabusu mmojammoja.

Ni mimi mdogo wako,
Nanjala

Nilisahau: ile leso yako nimeifua mara mbili, na leo nimeianika tena. Harufu ya ile sabuni ya madam inakaribia kuisha.