Tumecheza Tu

Nyumba za Walimu, mlango wa pili,
S.L.P. ileile.
Jumapili, 16 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko, na habari za mkono? Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale unaposema kikombe chenyewe kinakutetemekea, naiweka chini kwanza nivute pumzi. Natumaini daktari amekubadilishia dawa kama alivyoahidi. Na mgongo wa mkaza mjomba je? Mwambie aache kubeba ndoo. Ana watoto watatu wakubwa, misuli wanayo, wanaitumia kukalia makochi.

Huku hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kila asubuhi, basi najua ni mzima. Mimi nimekonda kidogo, lakini usimwambie mtu, sababu utaisoma sasa hivi.

Mjomba, nusura nimwage unga.

Mwaka huu nimepewa chekechea, watoto thelathini na wanne wa miaka mitano na sita. Miezi miwili ya kwanza niliwafundisha kama nilivyokuta: madawati kwa safu, midomo imefungwa, nakilini moja mpaka ishirini. Walinakili vizuri ajabu. Siku moja nikamwomba mmoja wao, ambaye saba yake imenyooka kuliko yangu, aniletee vizibo saba vya chupa. Akaniletea konzi nzima. Nikamwambia avihesabu, akanitazama machoni akisubiri nimsaidie. Saba kwake ilikuwa picha tu ya kuchora. Siku ile niliona aibu, maana daftari lake nilikuwa nimelijaza alama za vema mimi mwenyewe.

Mwezi Machi nikatoa madawati nje. Kona moja nikaweka karai la maji na chupa zilizokatwa, wakawa wanamimina na kuhesabu vikombe vingapi vinajaza chupa. Kona nyingine sinia la mchanga, wanaandika herufi kwa kidole, wakikosea wanafuta kwa kiganja na hakuna anayelia. Kulikuwa na vizibo, maharagwe na mawe ya kupanga kwa rangi, kwa ukubwa, kwa idadi. Halafu kona ya ujenzi, ninayoipenda kuliko zote: maboksi ya sabuni, ya maziwa, ya viatu, na kipande cha uzi kilichofungwa jiwe, kama timazi yako iliyokuwa ikining'inia karakana. Kelele zilikuwa nyingi, hilo sikatai. Lakini baada ya wiki sita yule wa konzi aliniletea saba, akaniambia nikitaka kumi aongeze vitatu.

Kosa langu ni kwamba sikufikiria nyumbani. Kila jioni mzazi anamuuliza mtoto, leo umejifunza nini? Mtoto anajibu, hakuna, tumecheza tu. Mzazi anafungua daftari, anakuta jeupe. Mwezi mzima jeupe! Hata mimi ningekasirika. Watoto sita wakahamishwa kwenda shule ya pale barabarani, ambako hata wa miaka mitano anabeba madaftari manane.

Mwenyekiti wa wazazi ni fundi mwashi. Wanamwita Timazi, kwa sababu hakuna kitu kilichopinda atakachokipita asiseme. Binti yake yumo darasani kwangu. Basi akaja ofisini na daftari la binti, akalifunua mbele ya mwalimu mkuu ukurasa baada ya ukurasa, kimya. Afadhali angenitukana. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka. Akaniambia niwaridhishe wazazi kwenye kikao cha Jumamosi, la sivyo madawati yarudi ndani na darasa apewe mwingine.

Nililia stoo, kati ya mafagio na ndoo, sikufichi. Kisha nikapiga moyo konde. Nikaandika hotuba ya kurasa nne, nikaisoma, ikanichosha hata mimi niliyeiandika. Nikaichana.

Kikao kilikuwa jana asubuhi. Wazazi walikuja wamekunja nyuso, wakakuta viti ni vile vidogo vya watoto. Sikuwahutubia. Niliwagawa kwenye kona, nikawapa kazi zilezile za watoto. Mwanzo walicheka wakioneana aibu, mara nikasikia wazee wazima wanabishana kwenye karai la maji kama chupa nene inazidi ile ndefu. Mama mmoja muuza nguo alipanga vizibo hata alipoitwa hakusikia.

Timazi alisimama mlangoni mikono kifuani. Kona ya ujenzi ikawa na akina baba wanne wakijenga mnara wa maboksi ufike kiunoni. Kila ukifika magotini unaanguka, nao wanalaumu maboksi. Binti yake, aliyekuja naye, akavumilia weee, akashindwa. Akauchukua uzi wenye jiwe, akaushusha kando ya mnara, akafumba jicho moja.

“Umepinda hapa, la tatu. Sogezeni kidogo.”

Wakasogeza. Mnara ukasimama. Mjomba, laiti ungeuona uso wa yule fundi! Akaja akachuchumaa mbele ya mwanawe.

“Nani kakufundisha hii?”

“Hakuna. Tulicheza tu.”

Aliukagua mnara juu hadi chini. Akamuuliza yaongezwe maboksi mangapi ili mnara umfikie yeye binti kichwani. Mtoto akapima boksi moja la viatu kwa shibiri, akapima kutoka kilele cha mnara hadi kichwani pake, akasema manne. Baba akayaongeza mwenyewe, moja moja. Yalikuwa manne.

Usidhani aliniangukia miguuni, Timazi si wa hivyo. Alisema madawati yabaki nje, lakini kila Ijumaa anataka kuona daftarini mtoto amechora alichojenga na kuandika idadi yake. Nimekubali, tena ni wazo zuri, nimekasirika kwamba si langu. Wazazi nao wataacha kuuliza umejifunza nini, watauliza umejenga nini, umepima nini. Mwalimu mkuu amenipa mpaka Novemba, watoto watakapopimwa kuingia darasa la kwanza. Wakishindwa, nitatoka. Hawatashindwa. Nimeshasema.

Sasa naja kwako. Mnara wa jana ulimwagikiwa maji ya karai ukabondeka wote, maboksi hayafai kitu yakilowa. Nataka mbao. Vipande mia moja na ishirini: vizima, nusu na robo, kingo zimepigwa msasa. Nusu mbili zikikaa juu ya kizima zisizidi wala zisipungue hata unene wa ukucha, maana hapo ndipo watoto wanapojifunzia. Fundi wa hapa amenikatia vya kujaribia, havilingani hata viwili.

Najua umeandika kwamba karakana umeifunga, na kwamba mikono yako haina kazi tena. Nimesoma, na sikubali. Kitinda mimba wako ashike msumeno, wewe shika penseli na macho. Viwili kwa siku vinatosha. Tukianza wiki ijayo, Agosti vitakuwa hapa.

Unakumbuka likizo zile nilizoshinda miguuni pako, ukinitupia mabaki ya mbao na kuniuliza hiki kinaingia mara ngapi ndani ya kile? Jioni Mama alikuwa akija kunichukua, ananiuliza nimefanya nini kutwa nzima. Namjibu nimecheza tu. Wewe ulikuwa nyuma yangu, unapangusa randa, unacheka, hujitetei. Miaka thelathini sijalirekebisha jibu lile. Jana nilimwambia Mama ukweli, na leo nakuambia wewe: ulinifundisha kila kitu ninachokijua. Ifungue karakana, Mjomba.

Nisalimie mkaza mjomba na mgongo wake, na kitinda mimba, umwambie makochi yapumzike kidogo. Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado unapiga mluzi ukifanya kazi. Mungu akutulizie mkono, na pale utakapotetemeka, amtulizie aliyeshika msumeno.

Mpwa wako akupendaye, aliyekuwa akicheza tu, yule ambaye karakanani ulimpa jina la

Maswali