Mahindi ya Wajane Yameota

Baraka, shuleni

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na Baba, kutoka huku mjini Baraka, kando ya ziwa. Je, kikohozi cha Baba kimepungua? Na mguu wako, unaweza tena kupanda hadi shambani bila kupumzika njiani? Mimi ni mzima. Kaka Yona anayekusomea barua hii, asome polepole, na asiongeze maneno yake.

Najua ulihuzunika nilipokosa kuja nyumbani Lubondja wakati wa likizo. Mtu wa Kilembwe aliyepita hapa alisema ulimwuliza, "Esta iko mugonjwa, ao amepata bwana?" Mama, sikuwa mgonjwa, na hilo la pili nakuomba usiliseme mbele ya watu. Nilibaki kwa sababu ya mahindi, na sikutaka kukuandikia kabla sijajua mwisho wake.

Kanisa letu hapa lina shamba la wajane. Baada ya mavuno Wakristo walitoa mahindi ya mbegu, na Mzee Elia, shemasi wetu, akaja shuleni kutafuta mtu wa kuyatunza mpaka mvua. Wasichana wote walitazama chini. Mimi hutazama chini siku zote, kwa hiyo sijui kwa nini alinichagua. Akaniambia, "Mutoto, hii si yangu, si yako. Ni ya bajane. Bakikosa hii, habana ingine ya kupanda."

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Niliyaacha kwenye maganda, nikayafunga mafungu, nikayatundika juu ya moto jikoni. Lakini jiko la shule ni jipya, la matofali, na moshi wote unapanda kwenye bomba na kutoka nje. Kwetu moshi hujaa nyumba nzima, tunakohoa, lakini mbegu inapona. Hapa hatukohoi, na wadudu wa fukusi wanakula mbegu. Likizo ilipokaribia niliona unga mweupe juu ya kifuniko cha sufuria. Nikashusha fungu moja, nikafungua ganda: punje zilikuwa zimetobolewa.

Nililia kidogo. Kisha nikatenga yaliyoharibika, nikatoka na kikapu kutafuta moshi. Unanijua, Mama: kubisha hodi kwa mtu nisiyemzoea ni kazi ngumu kwangu. Nilisimama nje kwa Mama Zaituni, jirani wa shule anayekausha samaki kwa moshi, mpaka yeye mwenyewe akaita.

"We mutoto wa shule, unaota mizizi pale? Sema!"

Nikamweleza. Akacheka sana. "Mahindi ya kanisa, na mi ni Muislamu! Lakini moshi yangu haina dini. Ingiza!"

Basi likizo yote nilikuwa kwake, nikigeuza mafungu na kumsaidia kupasua samaki. Fukusi waliisha. Mahindi yakawa meusi, yakanuka samaki. Lakini siku za samaki wengi moto wake ulikuwa mkali, nikaanza kuogopa jambo jingine: labda nimeyachoma, na mbegu imekufa ndani.

Wasichana waliporudi walishika pua. "Hii ni mahindi ao ni samaki ya ndakala?" Rafiki yangu Rebeka akaninong'oneza, "Weka ile mizuri juu, ile myeusi chini. Muzee haone muzuri."

Nilifikiri juu ya maneno hayo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukuambia. Halafu nikamwona mjane akilini mwangu, anachimba, anatia punje, anangoja, na hakuna kinachotoka. Nikaenda na kikapu, meusi juu.

Mzee Elia alinusa, akapiga chafya. "Itaota?"

"Sijui, Mzee."

"Basi tuiulize."

Tukachukua punje kutoka kila fungu, tukazifunga katika kitambaa chenye maji, na jani la mgomba juu yake. Nilikiweka bwenini, nikakilowesha kila asubuhi. Nilipoomba nilisema tu, "Bwana, ni yako."

Juzi tulikifungua mbele ya wajane. Mama, zimeota! Mizizi myeupe ilikuwa imetoboa kitambaa, hata tulilazimika kukichana ili kuzitoa. Mzee Elia aliketi chini ghafla akisema, "Aksanti, aksanti." Mjane mmoja akanikumbatia, kisha akarudi nyuma: "Eee! Na huyu pia alikauka kwa moshi!" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa sauti. Rebeka ni shahidi.

Jana mvua ilinyesha, tukapanda. Mama Zaituni alikuja na jembe lake. "Nimekuja kuona kama samaki yangu itaota," akasema, akashika mstari wake, hakuondoka mpaka shamba lilipokwisha.

Msalimie Baba, na nyanya aliyenionyesha jinsi ya kufunga mafungu, na mwalimu aliyenifundisha herufi, na wadogo zangu wote. Likizo ijayo nitakuja, maana mikono yangu sasa ni mitupu. Nguo nimezifua tena na tena, lakini ukinipokea njiani na kusikia harufu ya ndakala, usigeuke kutafuta mchuuzi. Ni mimi tu,

binti yako Esta.